Anuani za Tarakimu na Barua Taka

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa umma na wananchi



Karani wa masjala anapofungua kisanduku cha barua pepe cha afisi asubuhi, huenda akakuta barua mbili ambazo kwa nje zinafanana. Ya kwanza imetoka kwenye anuani ambayo, baada ya ile alama ya @, haina neno bali tarakimu tatu, kisha nukta na herufi za "com". Mwandishi wake anaeleza kwamba pampu za maji zilizoagizwa zimekwisha kufungashwa, na anaomba athibitishiwe jina la bandari ya kuteremshia. Ya pili nayo imetoka kwenye anuani ya tarakimu, sita au saba hivi. Hiyo inasema kwamba kisanduku cha afisi kimejaa na kitafungwa jioni ya siku hiyo, iwapo neno la siri halitaandikwa upya katika ukurasa ulioonyeshwa.

Karani aliyeambiwa kwamba anuani za namba ni za matapeli atazifuta zote mbili. Asiyeambiwa chochote huenda akazijibu zote mbili. Wa kwanza ameikosesha afisi pampu zake, na wa pili amemkabidhi mtu asiyemjua ufunguo wa afisi. Makosa haya mawili hayana uzito sawa kwa kila siku, lakini yote yana chanzo kimoja: kutofahamu jina la mtandao hutungwa vipi, nani anaruhusiwa kulitunga, na tarakimu zimeingiaje humo. Mazungumzo haya yanalenga kulieleza jambo hilo kwa kadiri mtumishi na mwananchi wanavyolihitaji.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kila mashine iliyoungwa na intaneti hutambulikana kwa nambari. Katika mpango wa zamani, ambao ungali unatumika, nambari hiyo huandikwa kwa mafungu manne yanayotengwa kwa nukta, na kila fungu haliwi chini ya 0 wala juu ya 255. Mashine hazioni tabu kwa hayo. Binadamu ndiye asiyeweza kuhifadhi nambari kama hizo kwa mamia, na kwa ajili yake yakawekwa majina.

Katika siku za mwanzo, pale mtandao wa ARPANET wa Marekani ulipokuwa na mashine chache, majina na nambari zote ziliandikwa katika daftari moja tu. Daftari hilo lilitunzwa katika kituo cha habari cha mtandao huo huko Menlo Park, California, chini ya usimamizi wa Bibi Elizabeth Feinler. Mwenye mashine mpya alipeleka maombi, jina likaingizwa, na wengine wote wakanakili daftari upya. Mashine zilipozidi, daftari moja halikuweza tena kutosha. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California, alitunga utaratibu wa kugawa madaraka ya majina, na ndio unaofuatwa hadi leo.

Mkaazi wa Visiwani hatapata shida kuuelewa utaratibu huo, kwa kuwa anauishi. Anayemtafuta mtu hapeleki swali lake kwa Mkuu wa Mkoa akitaraji kutajiwa nyumba. Mkoa humwelekeza Wilayani, Wilaya humwelekeza kwenye Shehia, na Sheha ndiye anayejua mlango. Majina ya mtandao yamepangwa hivyo hivyo, isipokuwa kwamba ngazi ya juu huandikwa mwisho, upande wa kulia. Katika anuani inayomalizikia kwa ".go.tz", "tz" ni Tanzania, "go" ni fungu la taasisi za serikali, na neno linalotangulia mbele yake ni la taasisi yenyewe. Eneo hilo la jina, lenye mwenyewe anayeliwajibikia, ndilo linaloitwa kikoa.

Sasa tarakimu. Mwezi wa Oktoba 1985 ulitolewa waraka wa mtandao nambari 952, ulioandikwa na Bibi Feinler pamoja na wenzake wawili, ukiweka kanuni za majina ya mashine. Jina liwe na herufi za kilatini kutoka A hadi Z, tarakimu kutoka 0 hadi 9, na kistari; lisizidi alama 24; na alama yake ya kwanza iwe ni herufi. Kanuni hiyo ya herufi ya kwanza ilikuwa na faida iliyo wazi. Programu iliyoona herufi mwanzoni ilijua kwamba hilo ni jina, na iliyoona tarakimu ilijua kwamba hiyo ni nambari. Waraka wa Mockapetris wa Novemba 1987 nao ulishauri vivyo hivyo.

Lakini watu walikwisha kutangulia mbele ya kanuni. Ilikuwepo Marekani kampuni ya vifaa vya mitandao iliyoitwa 3Com, ambayo jina lake la biashara lilianza kwa tarakimu. Jina lake la mtandao liliandikishwa mwezi wa Disemba 1986, wakati kanuni ingali inasema kwamba herufi itangulie. Hatimaye, mwezi wa Oktoba 1989, waraka nambari 1123 uliohaririwa na Robert Braden ukalegeza sharti hilo: alama ya kwanza ya jina iwe herufi au tarakimu, na programu zote zikubali jambo hilo. Badiliko lenyewe halikuchukua hata nusu ya ukurasa. Aliyelisoma wakati ule asingedhani kwamba lingekuja kuingia katika masjala za visiwa vya Bahari ya Hindi.

Swali lililobaki lilikuwa hili: iwapo jina linaweza kuanza kwa tarakimu, na hata kuwa tarakimu tupu, mashine itajuaje kwamba hili ni jina na ile ni nambari? Waraka huo huo ulijibu kwa kuelekeza upande wa kulia. Fungu la mwisho la jina, yaani ngazi ya juu kabisa, litakuwa la herufi. Kwa hivyo tarakimu zinazofuatiwa na "com", "cn" au "tz" ni jina. Mafungu manne ya tarakimu yasiyomalizikia kwa herufi yoyote ni nambari ya mashine. Shirika la ICANN, linalosimamia majina ya ngazi ya juu, lilipofungua mlango wa maombi ya ngazi mpya mwaka 2012, lilishikilia sharti hilo hilo kwa majina ya kilatini: herufi tu, tarakimu hapana.

Kanuni nyengine ni chache na zinatajwa kwa mukhtasari. Kila fungu la jina lisizidi alama 63, na jina zima, likiandikwa, lisizidi alama 253. Kistari kinaruhusiwa katikati, hakiruhusiwi mwanzoni wala mwishoni mwa fungu. Herufi kubwa na ndogo hazina tafauti.

Kwa mujibu wa hayo, jina la tarakimu tupu ni jina halali, na limekuwa halali tangu 1989. Anayelikataa kwa sababu ya tarakimu peke yake hana kanuni ya kusimamia.

Ndugu wananchi,

Nchi iliyoyatumia majina hayo kuliko nyengine zote ni China, na sababu zake zinastahiki kuelezwa, kwani ndizo zinazomgusa mfanyabiashara wa Darajani na Mchangani. China iliunganishwa kikamilifu na intaneti mwezi wa Aprili 1994. Wakati huo majina ya mtandao yalikubali herufi za kilatini tu. Mchina anayeandika kwa maandishi yake mwenyewe alitakiwa ajifunze kuandika jina la duka la jirani yake kwa herufi za watu wengine, na maneno mengi ya lugha yake, yakiandikwa kwa herufi hizo, huwa na umbo moja. Tarakimu hazikuwa na taabu hiyo. Kila mtu alizijua tangu skuli, zilikuwepo katika kila simu, na zilikuwa fupi.

Tena baadhi ya nambari zilikwisha kuzoeleka. Nambari 163 ndiyo iliyopigwa kwa simu na watu wa China ili kuunganishwa na intaneti kwa modemu. Kampuni ya NetEase, iliyoanzishwa na Ding Lei katika mji wa Guangzhou mwaka 1997, ikalifanya 163.com kuwa jina lake la mtandao, na huduma zake za barua pepe za 163.com na 126.com zimekuja kuwa na watumiaji kwa mamia ya mamilioni. Tiketi za reli za nchi nzima huuzwa kwenye 12306.cn, na 12306 ni nambari ya simu ya huduma hiyo hiyo ya reli. Kampuni ya simu ya China Mobile hutumia 10086.cn, ambayo nayo ni nambari ambayo wateja wake huipiga wakiwa na shida.

Majina mengine yamefuata mlio. Soko la jumla la 1688.com ni la kampuni ya Alibaba, na anayezitamka tarakimu hizo nne kwa kichina hulikaribia jina la kampuni. Tarakimu 51 hukaribia kutamkwa kama "nataka", na ndiyo maana ikawekwa mbele ya jina la huduma ya kutafutia kazi. Nane inapendwa kwa kuwa mlio wake unakumbusha utajiri, na nne inaepukwa kwa kuwa mlio wake ni wa mauti. Kwa hivyo jina ambalo machoni mwa mgeni ni rundo la tarakimu lisilo maana, kwa mwenyewe linasomeka na pengine lina mzaha ndani yake.

Hapana ajabu katika hayo. Mkaazi wa Unguja au Pemba anayeanza na *150* kila anapotaka kutuma fedha kwa simu haoni kwamba tarakimu hizo ni za kitapeli. Amezizoea tu. Na yule aliyepitia chuoni, akajifunza juzuu kwa herufi za kiarabu kabla hajaenda skuli, anafahamu vyema tabu ya kuandika jina lake kwa maandishi yasiyokuwa yake. Majina ya ngazi ya juu kwa herufi za kiarabu hayakuanza kufanya kazi hadi Mei 2010, pale Misri, Saudi Arabia na Muungano wa Falme za Kiarabu zilipokuwa za mwanzo kuyapata. Kabla ya hapo Mwarabu naye aliandika kwa herufi za wenziwe.

Mawasiliano ya Visiwa hivi na China si ya leo. Madaktari wa kichina wamekuwa wakija tangu 1964. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki huenda Guangzhou na Yiwu kununua bidhaa, na hurudi na kadi za wauzaji ambazo nyingi zina anuani za 163.com au 126.com. Afisi inayofunga mlango kwa kila anuani ya tarakimu inawafungia wauzaji hao. Na ubaya wa kufunga mlango kwa namna hiyo ni kwamba hauna kelele. Barua iliyozuiwa kwenye seva haionekani kisandukuni, mpokeaji hajui kwamba ilikuja, na mpelekaji aghlabu hajui kwamba haikufika. Kila mmoja humsubiri mwenzake, hadi muda wa zabuni ukapita au mzigo ukarundikiwa gharama bandarini.

Hata hivyo, anayeziogopa anuani za tarakimu hakuota. Barua taka ni za zamani kuliko majina yenyewe. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, afisa wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alipeleka tangazo moja kwa watu wapatao 400 wa ARPANET bila ya kuombwa, na malalamiko yakaanza siku hiyo hiyo. Kilichobadilika tangu wakati huo ni gharama. Mtawanyaji wa barua taka anahitaji majina mengi, kwa sababu kila jina analolitumia hugunduliwa na kuzuiwa baada ya muda mfupi. Hana haja ya jina zuri. Anataka jina rahisi, la kutupwa. Programu inaweza kumtungia majina ya tarakimu elfu kumi kwa dakika moja bila ya kufikiri neno hata moja, na mengi kati ya hayo hayajachukuliwa na mtu.

Bei nazo zimemsaidia. Mwaka 2017 waendeshaji wa ngazi ya ".xyz" walitangaza kwamba majina yote ya tarakimu sita, saba, nane na tisa chini ya ngazi hiyo yatauzwa kwa senti 99 za Dola ya Marekani kwa mwaka. Majina hayo jumla yake ni 1,111,000,000. Nia ya waendeshaji inaweza kuwa njema, na wapo watu waaminifu walionunua tarehe za kuzaliwa kwao au nambari zao za simu. Lakini mali inayouzwa kwa bei hiyo bila ya mnunuzi kuulizwa mengi humfaa zaidi yule anayekusudia kuitumia siku mbili na kuitupa.

Kwa hivyo wote wawili wapo, muuzaji wa Guangzhou na mtawanyaji wa barua taka, na wote wamesimama juu ya kanuni ile ile ya 1989. Tarakimu haziwatenganishi. Kinachowatenganisha ni mambo mengine, na mengi yake yanaweza kuangaliwa na karani bila ya kuwa mtaalamu.

La kwanza ni kulisoma jina kutoka kulia. Mwenye kikoa anaweza kuongeza mbele ya jina lake maneno yoyote anayoyataka, bila ya ruhusa ya mtu. Chukuliwe mfano wa kutunga: wizara.go.tz.482913.example. (Ngazi ya "example" imetengwa tangu 1999 kwa ajili ya mifano, na haina mwenyewe.) Jicho lililozoea kusoma kutoka kushoto huona "wizara.go.tz" na kuridhika. Anayesoma kutoka kulia hukuta kwamba jina lenyewe ni 482913, na kwamba wizara na go na tz ni mapambo yaliyotundikwa mlangoni. Katika kiungo cha ukurasa, jina humalizikia kwenye mkwaju wa kwanza unaofuata jina hilo. Yanayokuja baada yake hayathibitishi kitu, hata kama yana jina la wizara.

La pili ni kwamba jina la mtu linaloonekana juu ya barua, kama vile "Mhasibu Mkuu" au "Idara ya Kompyuta", limeandikwa na mpelekaji mwenyewe. Utaratibu wa kupeleka barua pepe uliotungwa na Jon Postel mwaka 1982 haukuwa na njia ya kuhakiki jina hilo, wala anuani inayolifuata. Ulitungwa kwa ajili ya watu waliojuana. Ni sawa na barua ya kawaida: posta hupiga muhuri wake juu ya bahasha, lakini haiulizi kama aliyetia saini ndani ndiye.

Pengo hilo limezibwa baadaye kwa hatua tatu. Ya kwanza ni orodha ambayo mwenye kikoa huitangaza, ikitaja mashine zinazoruhusiwa kupeleka barua kwa jina lake, mithili ya orodha ya watia saini inayowekwa benki. Ya pili ni muhuri wa kielektroniki unaotiwa katika barua na kuharibika iwapo yaliyotiwa muhuri yamebadilishwa njiani. Ya tatu, iliyochapishwa mwaka 2015, ni maagizo ya mwenye kikoa kuhusu barua zinazoshindwa mitihani hiyo: zipokelewe, ziwekwe kando, au zirudishwe. Wataalamu huziita SPF, DKIM na DMARC. Tangu Februari 2024 Google inazidai zote tatu kwa kila anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye visanduku vya Gmail.

Hapa pana jambo ambalo hata watu wa kompyuta hulisahau wanapozungumza na makarani. Hatua hizo huthibitisha kwamba barua imetoka katika kikoa kilichoandikwa. Hazithibitishi kwamba mwenye kikoa ni mtu mwema. Mtawanyaji aliyenunua jina la tarakimu kwa senti 99 anaweza kulitengenezea orodha, muhuri na maagizo, na barua yake ikafaulu mitihani yote mitatu. Muhuri wa kweli wa mtu mwongo haujawahi kuwa kitu kigeni masjalani.

La tatu ni viungo visivyo na jina kabisa. Barua inayomtaka mpokeaji abonyeze kiungo chenye mafungu manne ya tarakimu tupu, yasiyomalizikia kwa herufi, haimpeleki kwenye jina bali kwenye nambari ya mashine. Ni nadra kwa benki, wizara au muuzaji wa kweli kumwandikia mtu hivyo. SpamAssassin, programu ya kuchuja barua iliyotolewa mwaka 2001 na ambayo ingali inatumika, ina kanuni ya kulihesabu jambo hilo kuwa ni dalili mbaya. Njia ya programu hiyo inafaa kuigwa na binadamu pia. Haikatai barua kwa dalili moja. Kila dalili hupewa alama zake, na barua huitwa taka pale jumla inapofikia kiwango, ambacho kwa kawaida ni 5. Anuani ya tarakimu ni alama ndogo. Tarakimu pamoja na haraka, pamoja na tishio la kufungiwa, pamoja na ombi la neno la siri, hiyo ni jumla kubwa.

La nne ndilo zito kuliko yote, nalo halihusu watawanyaji wa maelfu ya barua bali mwizi anayeandika moja tu. Neno likikosewa herufi, jicho la msomaji hushtuka. Tarakimu zikikosewa, jicho hupita. Aliyezoea kuandikiana na muuzaji mwenye jina la 163 anaweza kupokea barua kutoka jina lenye 136 au 168, na asione kitu. Katika majina yaliyochanganywa, tarakimu 0 huchukua nafasi ya herufi o, na tarakimu 1 nafasi ya herufi l. Barua ya mwizi huyo haina makosa ya lugha, kwa kuwa mara nyingi amekwisha kuzisoma barua zilizotangulia na kuzinakili. Inazungumzia pampu zile zile, kwa bei ile ile, na jina la meli lile lile. Ina badiliko moja tu, nambari ya akaunti ya benki ya kulipia.

Hasara ya wizi wa aina hiyo si ndogo. Malalamiko ya mwaka 2023 yaliyofikishwa katika kituo cha FBI cha Marekani kinachopokea taarifa za uhalifu wa intaneti yalikuwa na hasara ya Dola bilioni 2.9 kwa wizi huu wa barua za kibiashara peke yake. Hizo ni za waliolalamika, tena huko. Kwa mfanyabiashara mmoja wa Mchangani aliyekusanya fedha za ndugu watatu kununulia kontena moja, hasara hiyo ni biashara yote.

Ulinzi wake hauhitaji mashine mpya. Siku mkataba unapotiwa saini, anuani kamili ya muuzaji na nambari yake ya simu ziandikwe ndani ya jalada kutoka katika mkataba wenyewe. Barua yoyote inayotaja malipo ilinganishwe na jalada hilo tarakimu kwa tarakimu, karani mmoja akisoma kwa sauti na mwengine akiangalia, kama inavyofanywa katika kuhesabu fedha. Na badiliko lolote la akaunti lithibitishwe kwa simu, kwa nambari iliyomo jaladani. Nambari iliyoandikwa ndani ya barua inayotiliwa shaka haifai kupigwa, kwani atakayeipokea ni yule yule aliyeiandika.

Ndugu watumishi,

Ipo sehemu ya kadhia hii ambayo haiwezi kutupiwa watu wa mbali. Mwananchi anaambiwa aiamini barua iliyotoka katika ".go.tz" na aitilie shaka isiyotoka humo. Kisha anapokea taarifa ya kikao, au fomu ya maombi, au hata hati ya malipo, kutoka kwa mtumishi wa kweli wa afisi ya kweli, ikiwa imepelekwa kwa kisanduku cha bure cha mtumishi huyo, chenye jina la utani na mwaka wake wa kuzaliwa. Mwananchi huyo afanye nini? Akiitupa amevunja wito wa serikali. Akiiamini amezoeshwa kuiamini na ile ya kesho, itakayoandikwa na mtu mwengine kwa jina la afisi hiyo hiyo. Udhuru unaotolewa hueleweka: mtandao wa afisi umekatika, neno la siri limesahauliwa, aliyekuwa na ufunguo amehamishwa. Lakini kila barua ya serikali inayotoka nje ya anuani ya serikali hulidhoofisha onyo linalotolewa hapa, na hapana kanuni ya majina itakayoliziba pengo hilo. Afisi ambayo anuani yake haifanyi kazi na iidai itengenezwe, kama inavyodai kufuli la mlango lililovunjika.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, inakataza katika kifungu cha 20 kupeleka ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, na inakataza pia kughushi maelezo ya njia yaliyomo katika ujumbe huo. Maelezo hayo ya njia ni mistari ambayo kwa kawaida haionekani kwenye kioo. Kila seva iliyoipitisha barua huandika humo jina lake, nambari yake na saa. Ndiyo mihuri ya posta ya barua pepe, na mchunguzi huanzia hapo.

Kwa sababu hiyo, anayetapeliwa au anayekaribia kutapeliwa asiifute barua. Wala asiipeleke mbele kwa namna ya kawaida, kwani kufanya hivyo huandika mistari mipya na kuiacha ile ya asili. Barua yenyewe ibaki katika kisanduku ilimofikia, au ipelekwe kwa mtaalamu ikiwa kiambatisho kizima. Wapo wanaoichapisha, wakaipiga muhuri wa "Imepokelewa" na kuifungia jalada, wakidhani wamehifadhi ushahidi. Karatasi hiyo inaonyesha maneno ya barua tu. Mistari ya njia haimo.